Cheti cha Ukaazi cha Mzee Gaudensi

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kuazima. Vilikuwa vya dada yangu, vimenizidi, nikavijaza pamba mbele, na kutoka nyumbani kwetu Mtoni mpaka ofisi ya kodi ya Temeke nilitembea kama bata mwenye haraka. Nilifika mapema mno. Mlinzi akaniuliza kama nimeleta vitumbua vya chai ya wakubwa. Nikamwambia, "Mie ni karani mpya." Akavitazama viatu, akanitazama mie, akafungua mlango.

Nawaandikia nyie mnaoifanya kazi hii leo kwa kubofya. Siwaonei wivu, wala siwadharau. Nataka tu mjue ilivyokuwa, maana naona mnadhani kodi ni kitu kinachokaa ndani ya kompyuta. Enzi zetu kodi ilikaa kwenye majalada, na majalada yalikaa masijala, chumba kirefu chenye dirisha moja na vumbi la kutosha kulima. Bosi wa chumba hicho alikuwa Karani Mkuu wa Masijala, mzee mfupi wa Rufiji ambaye miwani yake aliifunga uzi mweusi kisogoni isianguke.

"Binti, unajua kuhesabu?" aliniuliza.

"Najua, shikamoo."

"Marahaba. Salamu hutangulia, hesabu hufuata. Chukua jalada hili, uniambie lina karatasi ngapi."

Nikahesabu. Kila karatasi inayoingia kwenye jalada hupewa namba kwa wino mwekundu, juu kulia, na namba hiyo tuliiita folio. Nikahesabu mara ya kwanza, nikahesabu ya pili, nikaanza kutokwa jasho. Folio ya kumi na mbili haikuwepo. Niliogopa kusema, nikadhani nimeipoteza mwenyewe kwa mikono yangu, tena siku ya kwanza. Mwisho nikasema. Yule mzee akaitoa mfukoni mwa shati lake, imekunjwa mara nne.

"Wenzako wawili walioletwa hapa kabla yako waliniambia jalada limekamilika," alisema. "Karatasi moja ikikosekana humu, kuna mtu huko mtaani atahangaika, na hatajua kwa nini. Kaa pale."

Nikakaa pale miaka tisa. Nilijifunza kutoboa karatasi bila kula maandishi, kufunga jalada kwa uzi wake, na kuandika dokezo. Dokezo ni maelezo mafupi ya kiofisi ambayo ofisa mmoja humwandikia mwingine ndani ya jalada, kila mtu na saini yake na tarehe. Ukilisoma jalada kwa madokezo yake unawasikia watu wakibishana, wengine walishastaafu, wengine walishakufa. Mie nilipenda sana kuyasoma. Karani Mkuu alikuwa akinikuta nimeinama juu ya jalada la mtu wa miaka ya nyuma, ananigonga bega na rula, si kwa nguvu, tunarudi kazini.

Baadaye nikapelekwa kozi, nikapanda cheo, nikahamishiwa Kinondoni kwenye tathmini. Kutathmini ni kukaa na hesabu za mlipakodi na kuamua anadaiwa nini. Huko nilimkuta Mkaguzi Mkuu, mama wa Kihaya, mrefu, anayesema polepole na hakuna anayethubutu kumkatiza. Nisiwafiche, mie nina hasira za karibu. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa siku ya jua kali. Basi siku moja mfanyabiashara mmoja wa Magomeni aliniletea fomu yenye nafasi tatu tupu, na mie nikamtupia. Nasema nikamtupia, karatasi zikatawanyika sakafuni mbele ya watu. Akaziokota mwenyewe, mzee mzima, akaondoka.

Mkaguzi Mkuu hakunifokea. Aliniita mchana, akaniambia nivae viatu vyangu vya kutembelea twende. Tulikwenda mpaka dukani kwa yule mzee. Akaagiza soda tatu. Halafu akanigeukia: "Mwanaidi, mwombe radhi mzee wako." Nikamwomba. Soda ile sijui nilivyoimeza. Njiani kurudi akanieleza, "Usimchukie mlipakodi. Ukimchukia huwezi kumpigia hesabu iliyo sawa. Na usimpende sana pia, maana ni yale yale." Nimeyabeba maneno hayo mpaka leo, ingawa la pili, nitawaeleza, halikunikaa vizuri.

Nilirudi Temeke nikiwa mtu mzima, watoto wawili, mume mmoja mvumilivu. Nikapewa dawati ambalo hakuna aliyelitaka, dawati la wastaafu. Vijana walipenda madawati ya makampuni, huko kuna viyoyozi na mikutano. Kwangu walikuja wazee na bahasha za kaki, wananisalimia dakika tano kabla ya kusema shida, na shida yenyewe mara nyingi haikuwa ya ofisi yangu. Nikawaelekeza. Nilizoea, nikaanza kulipenda lile dawati bila kumwambia mtu.

Kati ya wazee hao walikuwemo waliofanya kazi nchi za nje na kurudi kuzeekea Dar. Hao shida yao ilikuwa hii. Pensheni inatoka nchi walikofanya kazi, na kule inakatwa kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa juu kwa juu kabla fedha haijamfikia mwenyewe. Akifika hapa, kwa kuwa sasa anaishi hapa, nasi tunamdai. Pensheni moja, midomo miwili. Kwa nchi ambazo tuna mkataba nazo, dawa ya ugonjwa huo ni karatasi moja inayoitwa cheti cha ukaazi. Ofisi ya kodi ya mahali anapoishi mstaafu inamthibitishia kwamba huyu ni mkazi wetu, cheti kinapelekwa kule, wanaacha kukata, anabaki anatozwa upande mmoja tu. Cheti ni cha mwaka, kila mwaka anakuja upya.

Ndivyo alivyoniletea fomu yake Mzee Gaudensi.

Alikuwa mzee wa Songea, mwembamba, kofia mkononi. Alitoka kwao kijana mbichi akaenda nchi jirani kufanya kazi migodini. Nchi yenyewe sitaitaja, majirani wana heshima zao. Akaoa huko huko, akazaa binti mmoja, akastaafu. Miaka yote hiyo alikuwa akituma fedha kidogo kidogo, wakajenga nyumba ya vyumba viwili Chamazi, wazeekee karibu na binti yao Anitha, ambaye alikuwa muuguzi huku Temeke na ameolewa Ukonga. Mkewe akafariki kabla hajaiona nyumba. Mzee akaja peke yake, na alipokuja kwangu alikuwa ameshaishi Chamazi mwaka na miezi.

Nikaisoma fomu. Kila nafasi imejazwa, mwandiko mzuri wa shule za zamani. Nikafika kwenye makazi ya kudumu. Ameandika jina la mji wa kule kule nje.

"Mzee wangu, hapa umekosea," nikamwambia. "Hapa andika Chamazi."

"Sijakosea, mama."

"Si unaishi Chamazi?"

"Nipo Chamazi. Kwangu ni kule, alikolala mama Anitha."

Nikamweleza kwa upole. Akanisikiliza kwa upole. Nikamweleza tena kwamba cheti hiki ni cha kuthibitisha anaishi hapa, na yeye kaandika kwa mkono wake kwamba haishi hapa, sasa mie nithibitishe nini? Akasema ananielewa kabisa, lakini hawezi kuandika uongo kwenye karatasi ya serikali. Nyuma yake foleni imefika mlangoni. Nikampa fomu nyingine, nikamwambia alete na barua ya serikali ya mtaa. Wiki iliyofuata alirudi. Fomu mpya ina jina la mji ule ule, barua hana.

Jua langu la kuzaliwa likawaka. Nikaichukua fomu, nikafungua jalada lake, nikaandika dokezo: "Mlipakodi hana makazi yanayothibitika nchini. Ombi limekataliwa." Nikasaini, nikalirudisha jalada masijala. Yeye akaniambia ahsante, akavaa kofia.

Siku ya tatu akaja Anitha na sare zake za kazi, katoka zamu moja kwa moja. Alikaa kitini. Halafu akasema, "Mama, baba anafunga safari. Anarudi kule."

"Kwa nini?"

"Anasema makato yakiwa pande zote mbili, kinachobaki hakimfikishi mwisho wa mwezi, na hataki nimlishe mie. Anasema afadhali akapange chumba karibu na makaburi, huko angalau atakatwa mara moja. Mama, ana miaka sabini na kitu, ana presha. Kule hatuna mtu tena, wajomba wametawanyika. Akirudi anakwenda kufa peke yake ndani ya chumba, majirani waje kujua kwa harufu."

Alisema hivyo hivyo, bila kulia, kama muuguzi anavyotoa taarifa ya mgonjwa. Mie ndiye niliyelia, tena baadaye, chooni, maana yule binti hakujua kwamba dokezo lile lilikuwa la mkono wangu. Nilimchukia mlipakodi, nikampigia hesabu mbovu. Basi.

Nikaenda kwa Meneja. Meneja wetu wakati huo alikuwa kijana wa Njombe, nimemzidi umri kwa mbali, akiniita Mama hata mbele ya wageni. Nikamweleza yote, na kosa langu pia. Akalisoma jalada tangu folio ya kwanza mpaka ya mwisho. Wengine hawasomi.

"Mama," akasema, "sheria haimuulizi mtu anapenda wapi. Inamuuliza analala wapi. Huyu analala wapi?"

"Chamazi."

"Umeona?"

"Sijaona. Nimeambiwa."

"Basi nenda kaone, uandike ulichokiona. Lakini barua ya mtaa lazima iwepo. Na mwaka wa hesabu unaisha mwezi huu, tukishindwa kupeleka cheti kule watamkata mwaka mzima mwingine."

Nikaenda Chamazi na daftari langu la ukaguzi. Nilianzia kwa Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Mfaume, fundi cherehani anayepokea wananchi huku mguu uko kwenye pedeli. Nikamuuliza kwa nini amemnyima mzee barua.

"Sijamnyima, dada yangu," alisema. "Nimemuuliza, mzee wewe ni mkazi wetu? Akasema yeye anapita tu. Sasa mie nimwandikie mpita njia kwamba ni mkazi, kesho mkinikamata? Halafu, nikwambie ukweli. Huyu bwana watu wa mtaa hawamjui. Kwenye misiba anakuja, anakaa nyuma kabisa, anatoa rambirambi, anaondoka. Nyumbani kwake hajapata kuingia mtu."

"Ana ugomvi na mtu?"

"Hana ugomvi hata na kuku."

Akanipa mjumbe wa shina anisindikize, Bi Tatu, mama mnene mcheshi anayejua kila nyumba na kilichopikwa ndani yake. Tulimkuta Mzee Gaudensi anafagia uwanja. Akafurahi kutuona, nami nikaona aibu kwa furaha yake. Nikamwambia nimekuja kiofisi, nataka kuona anapolala. Akasema karibuni.

Nyumba safi. Ndani ya chumba kuna kitanda kizuri cha mninga, godoro lake bado limo kwenye nailoni ya dukani. Masanduku mawili yamefungwa mikanda yamesimama ukutani. Nikaandika: kitanda hakijatumika, mizigo haijafunguliwa. Moyo ukaniuma, maana kila nilichoandika kilikuwa kinamfukuza nchini. Nikamuuliza, "Sasa mzee, unalala wapi?"

Akatuonyesha sebuleni. Chini, ukutani, kumetandikwa mkeka, shuka moja, mto mmoja. Hapana godoro. Viti vimesogezwa pembeni vyote.

Bi Tatu akanishika mkono. Sie wa Pwani mtu hakuhitaji kutueleza kitu kile. Tumelala kwenye mikeka ile kwa baba zetu na mama zetu. Mfiwa halali kitandani. Analala chini, sebuleni, na watu wake wamemzunguka, mpaka siku ya kuanua matanga, siku ya kufunga maombolezo, ndipo mikeka inakunjwa na yeye anarudi kitandani. Mwaka na miezi, mzee wa watu alikuwa msibani, na hakuna aliyekaa naye.

"Baba," Bi Tatu akamuuliza, na hajawahi kumwita hivyo kabla, "matanga ya mama mliyaanua lini?"

Mzee akakaa kwenye mkeka. Akatueleza. Mkewe alizikwa siku ya Jumanne. Usiku ule ule presha ikampanda, akazinduka yuko hospitali, hajui siku gani. Anitha akaja kumchukua na gari la wagonjwa, akaletwa huku moja kwa moja. Matanga aliyaacha watu wamekaa. "Sikuyaanua," alisema. "Niliondoka katikati, kama mtu aliyetoka nje mara moja. Nitaingiaje kitandani? Nitasemaje kwangu ni hapa, na kule nimeacha mikeka imetandikwa?"

Mie nimeketi na wafanyabiashara wakubwa wakaniapia uongo kwa vitabu vyote viwili. Sijawahi kukaa mbele ya mtu mkweli kiasi kile. Nikafunga daftari.

Nikamwambia, "Mzee, mie ndiye niliyekataa ombi lako. Nilikuwa na hasira. Nisamehe."

"Nilijua ni wewe, mwanangu. Ulisaini mbele yangu," akasema. "Ulikuwa na watu wengi siku ile."

Tulipotoka nje Bi Tatu alikuwa ameshaanza kupanga. Jumamosi. Turubai la kikundi cha akina mama lipo, masufuria yapo, mchele watachanga. Nikasema, mbona hatujamuuliza mwenyewe? Akanijibu, "Mfiwa haulizwi. Ukimuuliza atasema msijisumbue." Akarudi ndani, akamwambia tu kwamba Jumamosi tunakuja kukaa naye. Mzee akasema msijisumbue.

Jumamosi ile nilikwenda na kanga zangu mbili, si kama ofisa. Nilidhani tutakuwa watu kumi. Chamazi nzima ilikuja, au niseme mtaa ule wote, Waislamu kwa Wakristo. Wanaume nje chini ya turubai, wanawake ndani kwenye mikeka, mikeka imejaa mpaka korido. Watu wakamsalimia mzee mmoja mmoja kwa mikono miwili, "Pole, baba, pole na msiba," kana kwamba mama kazikwa asubuhi. Na yeye anaitikia kila mtu, "Nimeshapoa." Katekista akasali. Sheikh wa msikiti wa jirani akaomba dua yake fupi, akasema marehemu ni mama yetu sote. Ubwabwa ukaiva.

Kisha, kama ilivyo, tukamwomba mwenye msiba atueleze marehemu alikuwa mtu gani, maana hakuna hata mmoja wetu aliyemwona. Akasimama mlangoni, wanaume wamsikie na wanawake tumsikie.

"Aliitwa Veronika," alisema. "Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mimi nina presha, akakataa kabisa kunitilia chumvi. Basi nikawa nabeba chumvi yangu kwenye kiberiti, hapa mfukoni. Akigeuka, nanyunyiza. Miaka kumi na mbili namwibia. Alipokuwa anaumwa, siku moja kabla hajaondoka, akaniambia, baba Anitha, ile chumvi ya kwenye kiberiti mimi nilikuwa naimwaga nusu kila asubuhi, nikaona nikuachie kidogo usijisikie vibaya."

Watu wakacheka. Akacheka na yeye, kofia mdomoni, kisha kicheko kikageuka akalia kwa sauti, mzee mzima, akalia kilio cha mwaka na miezi. Wazee wenzake wakamshika, wakamkalisha kati yao. Akina mama wakaanza wimbo. Anitha, ambaye sikuwahi kuona chozi lake, alinilalia begani mpaka kanga yangu ikalowa.

Jioni Bi Tatu akamwinua. Yeye na akina mama wengine wakakunja mkeka wa sebuleni, wakautoa nje, wakaukung'uta. Anitha akaingia chumbani, akapasua ile nailoni ya godoro, akatandika shuka. Ndivyo matanga yalivyoanuliwa.

Jumatatu asubuhi barua ilikuwa mezani kwangu, kaileta Mwenyekiti Mfaume mwenyewe, uzi wa cherehani bado umemnasa kwenye mkono wa shati. Barua za mtaa zote zina maneno yale yale, mnayajua. Hii ilikuwa na sentensi moja ya ziada: "Huyu ni mkazi wetu halali, sisi wananchi wake tumekaa matanga nyumbani kwake." Na chini ya mhuri, saini ya mjumbe. Mzee naye alikuja na fomu. Makazi ya kudumu: Chamazi. Sikumwuliza kitu.

Nikaandika dokezo jipya, nikakiri kwamba la kwanza lilikuwa kosa langu. Katika utumishi hilo si jambo dogo, linabaki jaladani maisha. Meneja akaisoma barua ya mtaa mara mbili. Nilimwona anafika kwenye ile sentensi, anavua miwani, anaivaa.

"Hiki si kigezo kinachotajwa kwenye mwongozo, Mama," alisema.

"Najua."

"Ipe folio," akasema, akasaini. Cheti kilitoka siku ile ile, kikafika kule kabla ya mwisho wa mwezi, makato ya kule yakakoma. Mzee Gaudensi hakusafiri tena.

Nimestaafu sasa. Napokea pensheni yangu, nahakikiwa na vijana niliowafundisha, wananiambia Bi Mwanaidi weka kidole hapa, naweka. Watu huniuliza kama naikumbuka kazi. Sikumbuki majengo wala vyeo. Nakumbuka zile dakika tano za salamu kabla ya shida, na wengine niliowakatiza kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Hao ningewaomba radhi kama Mkaguzi Mkuu angekuwepo kunishika mkono na kunipeleka. Nyie mlioko kazini bado mna nafasi. Mtu akijaza kitu cha ajabu kwenye fomu, msianze na kosa. Anzeni na mtu.

Siku ya kuniaga, kijana mmoja wa ofisini aliniuliza mbele ya wote, kwa utani, kama katika miaka yote ile mie, mkali wa fomu, niliwahi kupitisha fomu yenye maelezo yasiyo ya kweli. Nikamjibu hapana, watu wakapiga makofi. Nilimdanganya. Nilipitisha moja.

Ilikuwa mwaka uliofuata baada ya yale matanga. Mzee Gaudensi alikuja kuomba cheti kipya, amenenepa kidogo, shati limepigwa pasi. Akakaa, tukasalimiana, akaniuliza habari za mume wangu na watoto kwa majina. Nikaipitia fomu yake kwa kalamu nyekundu kama kawaida yangu, nafasi kwa nafasi, mpaka nikafika pale panapouliza nyumba hiyo inakaliwa na watu wangapi.

Ameandika: wawili.

"Mzee wangu, umepata mpangaji?"

"Hapana, mwanangu."

"Anitha amehamia?"

"Anitha yuko kwa mumewe, Ukonga."

Alinijibu bila wasiwasi wowote, mikono juu ya magoti, ananitazama usoni. Ni yule yule aliyeniambia hawezi kuandika uongo kwenye karatasi ya serikali. Kalamu ilikuwa juu ya lile neno, na mie nikakumbuka ile chumvi ya kwenye kiberiti. Nikaiweka chini, nikachukua mhuri, nikagonga.